Nyuma ya Mbao: Umeme na Moto katika Meli za Abiria za Zamani

Mada iliyotangazwa ni ya meli za zamani, lakini nitaanza na meli iliyokuwa mpya kabisa. Georges Philippar, mali ya kampuni ya Messageries Maritimes ya Ufaransa, iliondoka Marseille tarehe 26 Februari 1932 kwa safari yake ya kwanza. Ilikwenda hadi Yokohama, na usiku wa kuamkia tarehe 16 Mei ilikuwa njiani kurudi. Ilikuwa katika maji ya Ras Asir, ile pembe ya Somalia ambayo Wazungu huiita Guardafui na ambayo manahodha wa majahazi waliizunguka kila msimu wa upepo wakitoka Uarabuni kuja Lamu na Unguja. Yapata saa nane za usiku moto ukatokea kwenye swichi ya taa ya chumba kimoja cha abiria, ukashika ukuta wa mbao.

Habari zilichelewa kumfikia nahodha, Auguste Vicq. Zilipomfikia, moto ulikuwa umeshatambaa mbali. Akaamua kukimbilia pwani ya Aden ili aipandishe meli mchangani, akaongeza mwendo. Mwendo ukaleta upepo, upepo ukauchochea moto, na muda si mrefu ikambidi atoe amri ya kuihama meli. Zilikuja meli tatu: Sovetskaïa Neft ya Kisovieti, iliyobeba mafuta, ikaokoa watu 420, na mbili za mizigo za Kiingereza, Contractor na Mahsud, zikaokoa 129 na 149. Waliokufa ni 54, miongoni mwao Albert Londres, mwandishi wa habari aliyekuwa na jina kubwa kuliko wenzake wote Ufaransa, aliyekuwa anarudi kutoka Uchina na habari alizokuwa amezikusanya huko. Meli ilielea siku tatu ikiungua, kisha ikazama.

Dalili zilikuwapo. Georges Philippar ilikuwa imeshapata moto mwaka 1930, ingali kwa waundaji wake Saint-Nazaire. Meli ambayo Georges Philippar iliirithi nafasi yake, Paul Lecat, nayo iliungua bandarini Marseille mwishoni mwa 1928. Na katika safari hiyohiyo ya kurudi, kengele ya moto ya stoo ya vitu vya thamani ililia mara mbili. Watu wakaenda kutazama, hawakuona moto, wakarudi. Mimi ni mtu wa umeme, na kwa mtu wa umeme kengele inayolia bila moto si habari njema. Ama kifaa kinakosea, ama waya wake unagusa pasipopaswa, na mtu anayeridhika kwa sababu hakuona moshi ameuliza nusu ya swali.

Hapa ndipo lilipo neno langu la leo. Mnalijua jibu linalotolewa kila soko likiungua, kila bweni likiungua: chanzo ni hitilafu ya umeme. Jibu hilo mara nyingi ni la kweli. Kosa lake ni kwamba linafunga faili. Shoti ya umeme peke yake ni cheche; hudumu sekunde chache na kuacha doa jeusi. Ili cheche iue watu mia moja inahitaji mambo mengine mawili, na yote mawili huamuliwa na watu mezani, mchana, miaka mingi kabla ya usiku wa moto. La kwanza ni kile kilichowekwa jirani na waya. La pili ni kiasi ambacho meli inautegemea umeme huohuo kuuzima moto, kuwaamsha watu na kuwashusha majini. Meli za abiria za nusu ya kwanza ya karne ya ishirini zilikuwa zimekosea katika yote mawili, na zimekosea kwa uzuri sana: zilikuwa majumba ya kifahari.

Umeme wenyewe ulipandishwa melini kwa jina la usalama. Kabla yake zilikuwapo taa za mafuta na mishumaa, ndani ya chombo kinachoyumba. Mwaka 1880 meli ya Columbia, ya kampuni moja ya Oregon, Marekani, iliwekewa balbu za Thomas Edison. Muundaji wa meli hiyo, John Roach, aliogopa moto kiasi kwamba hakutaka kazi hiyo ifanyike katika karakana yake. Ikamaliziwa New York na watu wa Edison. Woga wake ulichekwa baadaye, kwa kuwa Columbia ilitembea miaka mingi bila kuungua kwa sababu ya taa hizo. Katika muda wa miaka thelathini tu mambo yalikwenda mbali: Titanic ya mwaka 1912 ilikuwa na jenereta nne kubwa za kilowati 400 kila moja, na nyingine mbili ndogo za dharura zilizowekwa juu zaidi melini. Wengi wanajua kwamba taa za Titanic ziliwaka karibu hadi dakika ya mwisho. Wachache hujiuliza ni kwa nini. Mafundi walibaki chini, na mtu fulani alikuwa amekwisha kufikiri kuziweka zile mbili za dharura mbali na maji.

Sasa niwaombe tuingie nyuma ya ukuta.

Meli nyingi za zama zile zilitumia mkondo mnyoofu, wa volti 110 au 220. Tofauti na mkondo geu tulionao majumbani, ambao hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, mkondo mnyoofu hausimami kamwe. Ukikata mkondo geu, cheche inayoruka kati ya vyuma viwili hupata nafasi ya kuzimika kila mara umeme unapopita sifuri. Ukikata mkondo mnyoofu, cheche hunyooka na kuendelea kuwaka mithili ya mwali, na joto lake linayeyusha shaba. Kwa hiyo swichi ya zamani ya mkondo mnyoofu ilihitaji springi yenye nguvu na nafasi pana. Springi ikichoka, au vumbi na chumvi vikijaa ndani, kila anayewasha taa anawasha pia kijimoto kidogo ndani ya ukuta, na kwa kawaida hajui.

Waya ulifunikwa kwa mpira wa asili uliopikwa kwa salfa. Salfa huila shaba, ndiyo sababu waya ulipakwa bati kwanza. Juu ya mpira ukavishwa kitambaa, na mara nyingi ala ya risasi. Kinga hiyo ilikuwa nzuri ilipokuwa changa. Lakini mpira huzeeka. Joto huukausha, mafuta huulainisha na kuuvimbisha, hewa huupasua. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: joto la waya likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kinga yake hupungua kwa nusu. Sasa chukua waya uliopita juu ya chumba cha boila, au karibu na bomba la mvuke, uache hapo miaka thelathini. Ukiugusa tu ili uutazame, mpira unadondoka vipandevipande, na waya uliokuwa salama kwa sababu haukuguswa unakuwa hatari kwa sababu umekaguliwa.

Ongeza mtikisiko. Meli haitulii, injini inaitikisa usiku na mchana, na skrubu inayobana waya hulegea polepole. Muungo uliolegea una ukinzani mkubwa, ukinzani unaleta joto, joto linaleta kutu, na kutu inaongeza ukinzani. Fyuzi haioni kitu hapo, kwa sababu umeme unaopita ni uleule wa siku zote. Hakuna shoti. Kuna kipande cha shaba chenye ukubwa wa punje ya mahindi kinachochoma ubao pole kwa pole, pengine kwa wiki nzima. Moto wa aina hii ndio ninaouogopa kuliko shoti yenyewe, maana shoti angalau hupiga kelele.

Halafu kuna jambo linalomshangaza fundi umeme wa nyumbani akipanda melini. Nyumbani, waya wa moto ukigusa chuma kilichounganishwa na ardhi, umeme hukatika. Melini haukatiki. Mfumo wa meli kwa desturi haukuunganishwa na bodi ya meli popote, makusudi, ili hitilafu moja isije ikazima usukani katikati ya dhoruba. Ni busara, ila ina gharama: hitilafu ya kwanza haionekani. Waya mmoja unaweza kuigusa bodi leo, na meli ikaendelea na safari mwezi mzima bila taa hata moja kuzimika. Siku ambayo waya wa upande wa pili utagusa bodi, hata kama ni mita mia moja kutoka pale, umeme wote utapita katika chuma cha meli, na cheche itaruka mahali ambapo hakuna anayepatazama.

Ili kuijua hitilafu hiyo ya kwanza, ubao mkuu wa swichi katika meli za zamani uliwekewa taa mbili ndogo, zimefuatana, na pale zinapoungana pameunganishwa na bodi ya meli. Mambo yakiwa sawa, zote mbili zinawaka hafifu, kwa mwanga uleule. Waya wa upande mmoja ukivuja kwenye bodi, taa ya upande ule inafifia na mwenzake inang'aa. Basi. Hakuna kengele, hakuna maandishi, ni taa mbili tu. Kuitafuta hitilafu kulimaanisha kuzima njia moja ya umeme baada ya nyingine, na abiria wa daraja la kwanza hapendi kuzimiwa taa wakati wa chakula cha jioni. Mnaweza kukisia zile taa mbili zilivumiliwa kwa muda gani zikiwa hazilingani.

Hayo ndiyo ya waya. Jirani yake alikuwa nani?

Alikuwa ubao. Kuta za vyumba, dari, ngazi, kumbi za kuvutia sigara, vyote vilivikwa mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi na kung'arishwa kwa tabaka juu ya tabaka za vanishi. Kati ya ubao na chuma cha meli palikuwa na uwazi, na humo ndimo nyaya zilimopita. Uwazi huo ulikwenda juu kutoka sitaha moja hadi nyingine, ukakata kona juu ya dari, ukashuka tena. Moto ukiingia humo unapata kuni, hewa na njia, na watu waliomo ndani ya chumba hawauoni hadi dari nzima inapobadilika rangi.

Morro Castle ndiyo meli iliyolionyesha hili wazi kuliko zote. Ilijengwa Marekani mwaka 1930 kwa njia ya New York na Havana, na hata mashine zake za kuisukuma zilikuwa za umeme: mvuke ulizungusha jenereta, jenereta zikazungusha mota, mota zikazungusha rafadha. Jioni ya tarehe 7 Septemba 1934 nahodha wake, Robert Willmott, alikufa ghafla chumbani kwake. Msaidizi wake, William Warms, akashika meli. Karibu saa tisa za usiku huohuo moto ukagunduliwa ndani ya kabati la chumba cha kuandikia barua. Chanzo chake hakikuthibitishwa hadi leo. Wapo wanaomshuku mtumishi mmoja wa chumba cha redio, wapo wanaoushuku umeme, na mimi sina nia ya kuongeza dhana yangu. Ninachotaka mkitazame ni meli yenyewe.

Vyumba vya kulala vilikuwa na vigunduzi vya moto; chumba cha kuandikia, kumbi na saluni havikuwa navyo. Milango ya kuzuia moto ilikuwapo, lakini juu yake, kati ya dari ya mbao na kiwambo cha chuma, paliachwa uwazi wa kama sentimita 15, kwa hiyo moto ulipita juu ya mlango uliofungwa. Mabomba ya maji ya kuzimia moto yaliundwa ili yatumike sita kwa wakati mmoja. Watu walipofungua mengi kila mahali, presha ikashuka na maji yakakosa nguvu. Meli ilikuwa inakwenda kinyume cha upepo mkali, na Warms aliiacha iendelee hivyo kwa muda, kama alivyofanya Vicq miaka miwili kabla. Halafu, katika muda usiozidi nusu saa hivi, moto ukazikata nyaya kuu. Taa zikazimika. Redio ikanyamaza baada ya kupata nafasi ndogo tu ya kuita msaada. Watu 137 kati ya 549 walikufa, na mabaki ya meli yakasukumwa na mawimbi hadi ufukwe wa Asbury Park, New Jersey, ambako maelfu ya watu walikwenda kuyatazama.

Kila kitu kiongozwe na umeme, na umeme huo upite katika njia moja iliyozungukwa na mbao: huo ndio mpango ulioiua Morro Castle, hata kama kiberiti kilichouanzisha moto kilitoka mfukoni mwa mtu.

Sitaki mdhani kwamba ubao ndio pekee wenye hatia. Empire Windrush, meli ya Kijerumani ya mwaka 1930 iliyochukuliwa na Waingereza baada ya vita, ndiyo iliyowapeleka London wahamiaji wa Karibiani mwaka 1948 na kuacha jina lake kwa kizazi kizima. Tarehe 28 Machi 1954 ilikuwa karibu na pwani ya Algeria, imebeba watu wapatao 1,500, wengi wao askari na familia zao. Moto ulilipuka chumba cha injini na kuwaua mafundi wanne. Umeme ukakatika. Pampu za kuzimia moto zikasimama kwa kukosa umeme. Vipaza sauti havikusema kitu. Milango ya kuzuia maji haikuweza kufungwa kutoka darajani, kwa sababu nayo ilifungwa kwa umeme. Jenereta ya dharura iliwashwa, ikawaka, lakini swichi yake kuu ikagoma, na umeme wake haukufika popote. Kwamba hakufa mtu mwingine zaidi ya wale wanne ni sifa ya bahari tulivu, mchana uliokuwa unaingia, na nidhamu ya watu waliokuwamo.

Baada ya Morro Castle, Wamarekani walifanya jambo ambalo nalipenda kwa sababu halikuwa na maneno mengi: mwaka 1936 walichukua meli kuukuu, Nantasket, wakajenga ndani yake vyumba vya aina mbalimbali, wakavichoma moto, wakaandika kilichotokea. Walitaka kujua ni ukuta gani unaokaa saa nzima bila kupitisha joto. Kutokana na kazi ya namna hiyo zikatoka kuta za bodi ya asbesto. Mhandisi William Francis Gibbs akaitumia elimu hiyo hadi mwisho katika meli yake United States ya mwaka 1952. Inasimuliwa kwamba hakuruhusu ubao ndani yake isipokuwa gogo la bucha jikoni na piano, na hata piano alitaka itengenezwe kwa alumini.

Nchi nyingine hazikukubali kuishi ndani ya sanduku la bati. Mkutano wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1948 ulipokaa, uliishia kuruhusu njia tatu, na ukizitazama unaona tabia za mataifa. Wamarekani walisema: usiweke kitu kinachoungua. Waingereza walisema: weka ubao wako, lakini vinyunyizi vya maji viwe juu yake kila mahali. Wafaransa walisema: gawa meli vipande vidogo na weka vigunduzi. Kwa maoni yangu Wamarekani ndio waliokuwa na haki, kwa sababu moja rahisi. Kinyunyizi kinahitaji pampu na kigunduzi kinahitaji umeme. Ukuta usioungua hauhitaji kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote saa tisa za usiku.

Wafaransa nao hawakuwa wajinga, walikuwa wameumizwa. Baada ya Georges Philippar, L'Atlantique iliungua katika Mlango wa Uingereza mwezi Januari 1933, Lafayette ikaungua Le Havre mwaka 1938, na Paris ikaungua hapohapo Le Havre mwaka 1939. Normandie, fahari yao kuu, iliundwa ikiwa na kinga nyingi za moto kuliko meli yoyote iliyoitangulia. Haikuungua safarini. Iliungua imefungwa gati New York, tarehe 9 Februari 1942, ilipokuwa inageuzwa kuwa meli ya askari. Fundi alikuwa anakata chuma kwa mwali wa gesi katika saluni kuu, na karibu naye palirundikwa majaketi ya kuokolea yaliyojazwa usufi. Aliyewahi kulalia mto wa usufi, na hapa ukumbini tumo wengi, anajua jinsi unavyoshika moto. Mfumo wa kengele wa meli ulikuwa umekatwa kwa ajili ya matengenezo, na viungio vya mabomba yake havikulingana na mipira ya zimamoto wa mji ule. Maji yaliyomiminwa juu yake yakailaza ubavu usiku uleule. Kinga zote zile zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya meli iliyo hai, yenye watu wake na umeme wake.

Nimesema mwanzoni kwamba Georges Philippar ilikuwa mpya. Sasa nije kwenye uzee wa kweli.

Miaka ya sitini ndege zilipochukua abiria, meli hizi ziliuzwa. Sisi wa pwani hii tuliziona zikiondoka. Kenya Castle, iliyojengwa Belfast na kuja Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya hamsini, iliuzwa mwaka 1967 kwa kampuni ya Kigiriki ya Chandris, ikaitwa Amerikanis, ikapeleka watalii Karibiani kwa miongo kadhaa. Meli hiyo ilibahatika. Lakini fikirieni maana ya maisha hayo ya pili kwa upande wa nyaya. Mnunuzi anataka viyoyozi, bwawa, saluni ya nywele, vyumba vingi zaidi, majiko makubwa zaidi. Nyaya mpya zinapitishwa juu ya nyaya za zamani, kwa sababu kuzing'oa za zamani kunamaanisha kuzibomoa kuta. Michoro ya awali iko kwa lugha ya wenye meli wa kwanza, michoro ya nyongeza haipo. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inabadilishwa kwa iliyo nene zaidi, na tangu hapo kinachokatika kwanza ni waya.

Lakonia ilikuwa meli ya Kiholanzi ya mwaka 1930, iliyojengwa kwa njia ya Amsterdam na Batavia. Wagiriki waliinunua, wakaipaka rangi, wakaanza kuitembeza mwaka 1963. Tarehe 19 Desemba mwaka huo ilitoka Southampton ikiwa na watalii wa Krismasi. Usiku wa tarehe 22, karibu na Madeira, yapata saa tano, moto ulionekana katika saluni ya nywele. Kengele zililia kwa sauti ndogo mno, vipaza sauti vikaharibika, na mashua kadhaa hazikushuka kwa sababu vyuma vya kuzishushia vilikuwa na kutu. Walikufa watu 128, na wengi wao waliuawa na maji baridi na majeraha wala si moto. Uchunguzi wa Ugiriki uliamua kwamba chanzo kilikuwa shoti katika nyaya mbovu. Naukubali uamuzi huo, lakini ukutani hakukuwa na waya uliotia kutu kwenye vyuma vya mashua.

Miaka miwili baadaye, tarehe 13 Novemba 1965, ilikuwa zamu ya Yarmouth Castle, ya mwaka 1927, ikitoka Miami kwenda Nassau. Moto ulianzia chumba namba 610, ambacho hakikuwa tena na abiria. Kilikuwa stoo ya magodoro na vitu vibovu, jirani na joto la boila, hakina kinyunyizi, na nyaya zake zilitajwa miongoni mwa vyanzo vinavyowezekana. Walikufa 90. Meli hiyo ilikuwa halali kisheria. Ilikuwa imejengwa kabla ya masharti mapya, ikabeba bendera ya Panama, na sheria ikawa inaisamehe kwa sababu ya umri wake, yaani kwa sababu ileile iliyoifanya iwe ya hatari. Mwaka uliofuata Marekani na jumuiya ya kimataifa wakabana msamaha huo, lakini hawakuufuta wote.

Mwaka 1994 tulirudi katika maji ya Somalia. Achille Lauro, meli ya Kiholanzi iliyoanza safari mwaka 1947 kwa jina la Willem Ruys, ilikuwa inashuka kutoka Genoa kuelekea Afrika Kusini na karibu watu 1,000. Usiku wa tarehe 30 Novemba moto ulizuka sehemu ya injini, nje ya pwani ya Somalia. Meli zilizokuwa karibu ziliwaokoa karibu wote. Tarehe 2 Desemba ikazama. Kutoka Georges Philippar hadi hapo ni miaka 62.

Msamaha wa mwisho ulikwisha tarehe 1 Oktoba 2010. Kuanzia siku hiyo, kwa masharti ya mkataba wa usalama wa maisha baharini, meli ya abiria ya safari za kimataifa haikuruhusiwa tena kuundwa kwa vitu vinavyoungua, iwe imejengwa lini. Wenye meli za zamani walipiga hesabu ya kung'oa mbao zote, wakaona ni nafuu kuziuza kwa wavunja meli. Zilizobaki, kama Queen Mary kule Long Beach na Queen Elizabeth 2 iliyogeuzwa hoteli Dubai, haziendi tena popote. Asbesto iliyowekwa ili kuzuia moto iliwafuata wavunja meli wa Alang, India, vifuani mwao.

Ona kwamba sheria haikuzifukuza meli hizo kwa ajili ya waya. Ilizifukuza kwa ajili ya jirani yake. Ila lile la pili, la kutegemea umeme, halikwenda nazo. Zaidi kidogo ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Novemba 2010, Carnival Splendor, meli ya miaka miwili, ilipata moto chumba cha injini nje ya pwani ya Mexico. Hakufa mtu, kwa sababu hakukuwa na cha kuungua vyumbani. Lakini meli yenye watu karibu 4,500 ilibaki imeelea bila umeme wa kupikia, wa vyoo wala wa kuisukuma, hadi ikavutwa San Diego. Jenereta zilikuwa sita, nyaya zake zikapita mahali pamoja.

Sasa kuna sharti jipya: meli kubwa ya abiria ikipoteza chumba kimoja cha mitambo kwa moto, lazima iweze kurudi bandarini kwa nguvu zake yenyewe, pampu na taa zikifanya kazi. Linazihusu meli zilizoanza kujengwa tarehe 1 Julai 2010 au baada yake. Zile za kabla ya hapo hazibanwi nalo, na bado zinasafiri.